Pugi wa Newala anashuka, wa Rondo anakata ghafla: sauti za ndege wetu wa Kusini zinatofautianaje?

#1 SikioLaRondo

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mzaliwa wa Newala, upande wa Kitangari, na huu ni mwaka wa tisa naishi Lindi, kwenye uwanda wa juu wa Rondo, kijiji cha Mnara. Ndege niliwajua kwa sikio kabla ya jicho, maana bibi mzaa mama alikuwa haoni vizuri. Tukiwa chini ya mikorosho tunaokota, yeye ndiye aliyetuambia nani analia. Pugi akianza, bibi alimfuatishia maneno: "Mama kafa, baba kafa, nimebaki mwenyewe tu, tu, tu, tututututu..." Zile "tu" za mwisho zinaharakisha huku zinashuka mpaka zinapotea, kama mtu aliyeishiwa pumzi. Najua wengi humu mmelelewa na maneno hayo hayo.

Nilipohamia Rondo, asubuhi ya kwanza nikamsikia pugi ndani ya msitu. Kaanza vilevile, polepole, kwa huzuni ileile. Nikangoja ashuke. Hakushuka. Sauti ilibaki palepale, ikaongeza kasi, ikaenda mbali kuliko nilivyozoea, kisha ikakatika kama redio iliyozimwa. Kesho yake hivyohivyo. Nikawaambia wenzangu kazini kwamba pugi wa Rondo wana lafudhi yao, na niliamini hivyo karibu mwaka mzima.

Kumbe nilikuwa namsikiliza ndege mwingine. Pugi wa bibi ni yule mwenye madoa ya kijani yanayong'aa kwenye bawa, kitaalamu Turtur chalcospilos, anayependa vichaka na mashamba. Wa msituni ni ndugu yake, Turtur tympanistria, ambaye dume lake lina uso na kifua cheupe. Wakikurupuka mbele yako njiani, wote wawili wanaonyesha mabawa ya rangi ya kutu na kutokomea. Kwa mgongo hutajua nani ni nani. Sauti ndiyo inayowatenga.

Tangu hapo natembea na maswali mawili ambayo naona watu huyachanganya. La kwanza ni la ndugu wa aina mbili wanaofanana sura. La pili ni la aina moja iliyogawanyika, kundi moja huku na jingine kule, na katikati hakuna msitu wa kuwaunganisha. Kwetu Kusini tuna yote mawili, kwa sababu misitu ya pwani imebaki vipandevipande: Rondo, Litipo karibu na Rutamba, Chitoa, Pindiro kule Kilwa, Ziwani kule Mtwara. Ndege mdogo wa ndani ya msitu havuki kirahisi kilomita kadhaa za mihogo na mikorosho. Je, waliobaki kila mmoja kwenye kipande chake wanaendelea kulia sawa?

Mwenye kumbukumbu au rekodi alete. Nitarudi na niliyoyakusanya.

#2 Mama_Korosho

Nakaa hapa hapa. Hayo ya "mama kafa baba kafa" yamenirudisha mbali sana.

#3 MtuWaTandahimba

Mkuu, nakuheshimu, ila mimi naona ni sikio la mtu tu. Jogoo wa Tandahimba na jogoo wa Mwanza wanawika sawa. Ndege hana shule, lafudhi ataitoa wapi?

#4 SikioLaRondo

Mkuu wa Tandahimba, hapo umegusa kiini cha uzi wote. Kuhusu jogoo uko sahihi kabisa. Kuhusu shule, ngoja nieleze, maana ndege wengine wanayo.

Kuna ndege wanaozaliwa na sauti yao. Jogoo yumo, na njiwa na hua na pugi wamo. Mwaka 1971 yalichapishwa majaribio ya hua walioondolewa uwezo wa kusikia wakiwa makinda. Walipokua walilia kama hua wengine, ingawa hawakuwahi kumsikia hata mmoja. Sauti iko kwenye damu. Ndiyo maana pugi wa bibi yangu hawezi kujifunza kumaliza kama yule wa msituni, hata wakikaa mti mmoja miaka kumi.

Halafu kuna ndege wa nyimbo, kundi kubwa lenye chozi, shore, kwera na wengine wengi, na hawa wanajifunza. Kinda anasikiliza wakubwa, anahifadhi kichwani, baadaye anaanza kubabaika kama mtoto anayejifunza kusema, mwisho wimbo unakaa sawa. Kasuku nao wanajifunza. California, Marekani, kuna shomoro mwenye kichwa cha mistari myeupe ambaye Peter Marler alimchunguza miaka ya 1960. Alikuta madume wa bonde moja wanaimba namna moja, na ukienda kilomita chache tu wimbo umebadilika. Makinda waliolelewa bila kusikia wakubwa waliimba ovyo. Waliosikilizishwa rekodi katika wiki zao za mwanzo waliimba kama rekodi. Hiyo ni lafudhi, na hiyo ndiyo shule.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ndege wa huku analia tofauti na wa kule", siku hizi swali langu la kwanza ni hili: ni ndege anayejifunza au aliyezaliwa nayo? Kama anajifunza, tofauti inaweza kuja ndani ya vizazi vichache, na haina maana kwamba wamekuwa aina mbili. Kama amezaliwa nayo, basi tofauti hata ndogo ni jambo zito, maana inaeleza kitu kuhusu damu na muda ambao wametengana.

#5 MwalimuMasasi

Uzi mzuri sana. Naongeza upande wa mlembe, ndege wa asali, maana watu wa huku tunamjua.

Babu yangu alikuwa Myao wa Nanyumbu, mrina asali. Alipotaka mlembe aje alitetemesha ulimi kwa nguvu, kisha akamalizia na mguno mfupi: "brrrr-hm". Hakuita hivyo kwa jambo lingine lolote. Ng'ambo ya Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, Wayao wenzetu wanaita hivyohivyo, na huko watafiti wakiongozwa na Claire Spottiswoode walipima. Matokeo yao ya mwaka 2016 yanasema mtu akitoa mwito huo, uwezekano wa kuongozwa na mlembe unapanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa safari nzima kuishia kwenye nyuki unapanda kutoka 16 hadi 54.

Lakini lililonishika ni la mwaka 2023. Wahadzabe, kaskazini huku kwetu Tanzania, hawatoi mtetemo wa ulimi, wanapiga mbinja. Watafiti walipiga rekodi za Kiyao na za Kihadza sehemu zote mbili. Walembe wa Niassa waliitika zaidi mwito wa Wayao, na wale wa vilima vya Kidero, karibu na Ziwa Eyasi, waliitika zaidi mbinja za Wahadzabe. Ndege ni aina ileile moja. Kilichotofautiana ni sauti ya binadamu, na ndege wamejua ya watu wa kwao ni ipi.

#6 SikioLaRondo

Mwalimu, Mungu akubariki kwa hili. Ongeza na jambo hili: mlembe hamlei mwanawe. Jike hutaga kwenye kiota cha ndege mwingine, na kinda hulelewa na watu baki. Kwa hiyo hakuna mama mlembe wa kumfundisha "ukisikia brrr-hm nenda". Anajifunza mwenyewe ukubwani, kwa kukutana na warina asali wa eneo lake na kuona walembe wengine wanavyofaidi nta. Warina wakiisha katika eneo, na maarifa hayo kwa ndege yanakosa pa kutokea.

Kama babu yupo hai, tafadhali mrekodi.

#7 MwalimuMasasi

Hayupo tena, alitutoka. Baba mdogo anajua mwito. Nitamrekodi yeye.

#8 BintiMikindani

Habari zenu kaka na dada zangu. Niliwahi kusikia kuna ndege mdogo wa msituni aliyeelezwa kisayansi mara ya kwanza kutokana na Mikindani yetu. Mwenye habari zake?

#9 SikioLaRondo

Yupo, dada, tena ana kesi ndefu. Ni kandege kafupi, kanene, mkia mfupi, dume ana mkanda mweusi kifuani, na hukaa ndani ya msitu wa pwani akinasa wadudu. Kitaalamu anaitwa Batis reichenowi. Mjerumani Hermann Grote ndiye aliyemwandika mwaka 1911, kutokana na Mikindani.

Baada ya hapo kwa miaka mingi vitabu vilimfuta na kumweka kama kikundi tu cha Batis mixta, ndugu yake wa kaskazini. Wengine walimdhania kuwa mwingine tena. Mwaka 2006 wataalamu walipowachambua upya ndege hawa wa Tanzania kwa vinasaba na maumbile, walikuta kwamba hata waliokuwa wakiitwa mixta ni zaidi ya aina moja, na yule wa milima ya kuanzia Ukaguru kwenda kusini akapewa jina jipya, Batis crypta, yaani aliyejificha. Na huyu wetu wa Lindi na Mtwara siku hizi orodha kubwa za ndege zinamtambua peke yake. Miaka yote hiyo alikuwa hapa hapa anapiga mbinja zake.

Sasa niseme lililo moyoni kuhusu ndege mwingine, ambaye ndiye sababu hasa ya kufungua uzi.

Rondo kuna zuwakulu wa kijani. Mnene, mdomo mzito, hutoboa mti mkavu akafanya nyumba. Sauti yake ni "kwop, kwop, kwop, kwop", haipambwi, anaweza kuirudia mpaka jua limepanda. Aina hii, Stactolaema olivacea, ipo kwa mafungu: misitu ya pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania, milima kadhaa ya kwetu, mlima Namuli kule Msumbiji. Ungetegemea wa Rondo afanane na majirani hao. La. Anafanana na wale wa msitu wa oNgoye, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini: utosi mweusi, manyoya ya sikioni ya manjano-kijani. Kutoka hapa Mnara mpaka oNgoye ni zaidi ya kilomita 2,000, na huko Afrika Kusini nzima ndege huyu ana msitu huo mmoja tu. Wataalamu wamewaweka kundi moja, woodwardi, Rondo na oNgoye, na wapo waliowahi kuwatenga kama aina kamili.

Mara ya kwanza nilipofungua Xeno-canto, ile maktaba ya sauti za ndege iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2005, nikatafuta rekodi ya oNgoye na kuipiga nikiwa nimekaa barazani. Mke wangu akatoka jikoni akaniambia, "Leo amekuja mpaka nyumbani?" Yeye hajui habari za woodwardi. Alisikia tu ndege wa hapa kwetu. Nilikaa kimya muda mrefu baada ya hapo. Ni ndege ambao hawajaonana tangu enzi ambazo misitu ilikuwa na umbo jingine kabisa, na mke wangu, mzaliwa wa Nyangao, anamtambua wa Natal kama jirani.

#10 AfisaMstaafu

Nimelinda misitu ya Lindi miaka mingi kabla ya kustaafu. Niongeze mnyama mmoja, ingawa uzi ni wa ndege, kwa sababu kisa ni kilekile.

Komba wetu. Usiku ukimulika tochi unaona macho mawili tu, basi, komba ni komba. Wataalamu walipokuja kurekodi milio usiku ndipo ikajulikana Rondo kuna komba wa aina yake, mdogo kuliko komba wote, kama gramu 60 hivi, mkia wa manyoya kama brashi ya kusafishia chupa. Alitangazwa mwaka 1997 na akapewa jina la mahali: rondoensis. Mlio wake unaviringika kwa mapigo mawili mawili. Komba wa Unguja na pwani ya kaskazini anaviringisha pigo mojamoja. Na yupo komba mwingine mdogo huku kwetu kusini mwa Rufiji, mlio wake unaongezeka hatua kwa hatua. Baadaye, kwa kufuata mlio ule wa mapigo mawili, komba wa Rondo alipatikana Litipo, Ziwani, Pindiro, hata Pugu karibu na Dar es Salaam.

Sisi walinzi tulikuwa tukimsikia kila usiku na hatukujua tunasikia nini. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

#11 MtuWaTandahimba

Nimesoma yote mara mbili. Lafudhi nimeikubali. Ila sasa nina swali lingine. Kama kutengana ndiko kunakobadilisha sauti, mbona zuwakulu wa Rondo na wa Natal wametengana kilomita 2,000 na mama wa nyumbani hawezi kuwatofautisha?

#12 SikioLaRondo

Swali lako ni kubwa, nami limenisumbua muda mrefu. Jibu lililonituliza limetoka milimani kwetu.

Kuna chozi wa milima ya Tanzania na Msumbiji, wale wenye ukanda mwekundu kifuani. Kila mlima una kundi lake, kama visiwa vilivyozungukwa na nyanda zenye joto wasizoweza kuishi. Na chozi ni ndege anayejifunza wimbo. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka milima hiyo wakirekodi, na mwaka 2021 walichapisha matokeo. Walitegemea kila mlima uwe na wimbo wake, na kadiri wanavyotengana muda mrefu ndivyo nyimbo ziachane. Haikuwa hivyo. Makundi mengine yametengana mamia ya maelfu ya miaka na yanaimba karibu sawa. Mengine nyimbo zimeachana sana. Walichoona ni kwamba wimbo hukaa palepale muda mrefu, kisha hubadilika kwa mruko.

Kwa hiyo kutengana peke yake hakutoshi. Lazima kitu kisukume.

Kimojawapo ni jirani anayefanana nawe. Mwaka 2009 Alexander Kirschel na wenzake walionyesha kwa zuwakulu wadogo wawili wa Afrika, wanaolia kwa mtindo unaokaribiana, kwamba pale wanapoishi pamoja milio yao imeachana zaidi kuliko pale kila mmoja anapoishi peke yake. Ukishiriki msitu na ndugu, unahitaji mwenzi wako asikosee nyumba. Zuwakulu hawajulikani kuwa wanajifunza, kwa hiyo hapo kazi imefanywa na vizazi vingi vya kufa na kuzaa. Zuwakulu wa kijani wa Rondo hana ndugu wa karibu wa kumsumbua kwa sauti, na nadhani wa oNgoye ni vivyo hivyo. Hayo ni maoni yangu.

Kingine ni mahali. Sauti nyembamba hupotea haraka kwenye majani, nzito husafiri. Na mapigo ya harakaharaka ndani ya msitu yanagonga mashina na kurudi yakiwa yamechanganyikana. Eugene Morton alilipima hili Panama mwaka 1975. Ingia Rondo saa 12 asubuhi usikilize: wengi wa ndani ya msitu wanatoa sauti za duara, nzito, zenye nafasi. Toka nje ya msitu uende kwenye nyasi na vichaka upande wa Mtama, sauti zinakuwa za kukwaruza na kuharakisha.

Na cha tatu ni bahati tu. Kwenye visiwa vya Galápagos, bahari ya Pasifiki, katika kisiwa cha Daphne Major, mwaka 1981 alifika ndege dume mmoja mgeni kutoka kisiwa kilicho zaidi ya kilomita 100. Watafiti Peter na Rosemary Grant walimfuatilia. Wimbo wake haukuwa wa pale. Alipata jike, wanawe wa kiume wakajifunza wimbo wa baba, majike wa kisiwa hawakuvutiwa nao, na ndani ya vizazi vichache uzao ule ukawa unaoana wenyewe kwa wenyewe. Ndege mmoja aliyepotea njia alianzisha ukoo mzima, na wimbo ulikuwa sehemu ya ukuta.

#13 KijanaRutamba

Mkuu, mimi nakaa karibu na Litipo. Nimepakua sauti ya huyo batis na jana nimempigia kwa spika kama nusu saa, alikuja mpaka mita mbili! Nirudi kila siku nipate video nzuri?

#14 SikioLaRondo

Mdogo wangu, nakuomba usirudi na spika.

Nililifanya hilo mwaka wangu wa pili hapa. Nilikuwa nimegundua jozi ya ndege hao, nikawapigia sauti asubuhi nne mfululizo. Dume alikuwa anakuja amevimba, anazunguka juu ya kichwa changu akitafuta mgeni asiyekuwepo. Asubuhi ya nne niliona jike akiwa kwenye kiota, na dume, badala ya kumletea chakula, yuko kwangu anapigana na simu. Wiki iliyofuata kiota kilikuwa kitupu. Siwezi kuapa kuwa ni mimi niliyesababisha, lakini sijapiga sauti kiotani tangu siku hiyo.

Kazi unayoweza kuifanya Litipo ni kubwa kuliko video. Kaa kimya, washa kinasa sauti cha simu, elekeza kipaza sauti kwake, acha dakika tano nzima bila kukatakata. Mwishoni taja kwa mdomo wako mahali, tarehe, saa, na kama ulimwona au ulimsikia tu. Mimi nitafanya hivyohivyo Rondo. Tukipata madume kumi kila upande, tutaziweka rekodi kwenye programu inayochora sauti, tuone mbinja zao zina urefu gani na zinaachana sekunde ngapi.

#15 KijanaRutamba

Nimekuelewa kaka. Spika nimeiacha nyumbani. Jumamosi naanza.

#16 MtuWaTandahimba

Narudi na jambo. Jana jioni nilimsimulia mama habari za pugi wawili, ana miaka 70 na zaidi. Nikamwigizia wa kwanza, anayeshuka. Akacheka, akasema huyo yuko kila siku kwenye mikorosho. Nikaanza wa pili, nikakosea. Akanisahihisha! Akaanza polepole, akaongeza kasi bila kushusha, akakata. Nikamuuliza amemjulia wapi, maana mimi hapa nyumbani sijawahi kumsikia. Akasema alipokuwa msichana, kabla vichaka vizito vya nyuma ya kijiji havijafyekwa kupanda korosho, huyo ndiye aliyekuwa akiwaamsha kwenda kisimani. Anasema hajamsikia tangu kaka yangu mkubwa azaliwe.

#17 SikioLaRondo

Mkuu, mama akiridhia, mrekodi yeye. Mahali, tarehe, saa. Sema kwamba ni mama anamwigiza.

#18 MtuWaTandahimba

Nimemrekodi asubuhi hii, saa 12 na robo, uani. Sekunde 19. Kuna jogoo anawika katikati, na mwishoni mama anakata ghafla. Nakutumia.